Kijiti Kinachokwenda Kushoto

"Inambania mtoto," alisema Mzee Ambakisye Mwakatobe, akaiweka pedi juu ya meza ya Tusekile taratibu kama mtu anayeweka yai. "Kushoto anakwenda vizuri tu. Kulia ndiyo hapana. Namwona kabisa anataka kwenda kulia, lakini hili dude linamkatalia. Hebu litazame, mwanangu."

Tusekile alimsogezea kiti cha karibu na jiko la umeme, maana Mbeya mwezi wa saba baridi haina adabu, na mzee alikuwa ametoka kusimama foleni nje. Kisha akaigeuzageuza ile pedi mkononi. Ilikuwa pedi ya gemu ya kawaida, ya kushikwa kwa mikono miwili, ila vitufe vyake vyote vilikuwa vimeng'olewa, kikabaki kijiti kimoja cha kidole gumba. Mtu alikuwa ameizungushia kitambaa cha kitenge ili isimchubue mgonjwa.

Sasa, kesi za pedi mbovu Tusekile alizijua tangu zamani. Kabla ya homa ya ukimya alikuwa na kibanda cha gemu pale Mwanjelwa, na watoto wote waliofungwa walikuwa na neno moja mdomoni: pedi mbovu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa kwa sababu hajui kucheza. Ukiipima pedi unaikuta nzima kabisa, mwenyewe ndiye bwege. Alikuwa anawacheka na kuwarudishia. Lakini hapa hospitalini, mtu akikwambia pedi mbovu, hucheki.

Homa ile iliwalaza watu macho yamefumba, mwili una joto, pumzi ya kuazima kwenye mashine. Ikaja kugundulika kwamba baadhi yao bado wamo ndani, wanasikia, ila njia ya kutokea imebaki moja tu: kidole gumba. Kidole chenyewe hukioni kikisogea, lakini kijiti cha pedi kinakisikia. Basi wagonjwa wakawekewa pedi viganjani na ndugu zao wakaja kucheza nao. Na kwa kuwa mashine za kupumulia zilikuwa za kugombania, ikatoka sheria fupi ambayo hata watoto wa chekechea waliijua. Anayecheza, mashine yake haizimwi. Nusu ya pili ya sheria hiyo watu hawakupenda kuitamka.

Nusu hiyo ya pili ilikuwa imelala koridoni, nje ya mlango wa Tusekile. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Bupe. Homa ilikuwa haijamfumba macho bado, lakini pumzi ilikuwa imemwishia, na mashine ya kumpa haikuwepo. Kaka zake walikuwa wanapokezana kumbonyezea mfuko wa hewa kwa mkono, huyu akichoka anashika yule, na macho ya Bupe yanamfuata kila mtu anayepita. Tusekile alikwishajifunza kupita pale akitazama sakafu.

"Ngoja tuione, baba," alisema.

Kipimo cha kwanza kinaitwa meza tupu. Unaichomeka pedi kwenye skrini, unaiweka mezani, unaondoa mikono, basi. Haiguswi na mtu. Kidoti cheupe kinatakiwa kikae katikati ya skrini kitulie hapo mpaka uchoke kukitazama.

Kidoti kilikaa kidogo. Kikatetema. Kisha kikaanza kwenda kushoto, polepole, bila haraka yoyote, mpaka kikafika ukingoni.

"Si unaona?" alisema mzee, akiinamia skrini. "Hata hapo kinavuta kushoto. Ndiyo maana mtoto anahangaika."

Tusekile alikirudisha kidoti katikati, akaondoa mikono tena, na kidoti kikafunga safari ileile. Chini ya kijiti cha pedi kuna sumaku ndogo, na chini ya sumaku kuna kipande kinachosoma sumaku imeegemea wapi. Springi ikilegea, sumaku hairudi katikati. Kwenye pedi za watoto hilo si neno, kwa sababu kiwandani zinawekewa eneo dogo la katikati ambalo pedi hulipuuza, kijiti kikiegemea kidogo hakuna kinachotokea. Pedi za wodini eneo hilo lilifutwa makusudi, ili mgonjwa asikike hata akisukuma kidogo namna gani. Springi iliyochoka nayo inasikika vilevile. Skrini haijui kuwatofautisha.

Aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huwa mnacheza mchezo gani, baba?"

"Drafti. Sisi nyumbani ni drafti tu." Mzee alikunjua mgongo. "Mimi nimecheza pale stendi ya zamani miaka na miaka, waulize wakwambie. Walikuwa wananiita Msumeno."

"Na Gwakisa anakufunga?"

"Kila siku. Mimi ananifunga, mama yake naye hufungwa, shangazi zake ndiyo usiseme." Kisha akacheka kidogo, akapunguza sauti kama anayetoa siri ya ukoo. "Kusema kweli tunamwachia. Unamsogezea kete, anakula. Unamsogezea nyingine, anakula. Utamfungaje mtu aliyelala vile, mwanangu? Utakuwa huna haya. Hata majirani wakija kumwona, kabla hawajakaa nawaambia, mwachieni mwenzenu."

Katika drafti kula ni lazima. Kete ya mwenzio ikikaa mbele yako na nyuma yake kupo wazi, unaila, upende usipende. Na drafti ya wodini ilitengenezwa isimchoshe mgonjwa: pakiwa na kete ya kula, mashine inamlia yenyewe. Kidole kinahitajika tu pale ambapo hakuna cha kula, na hapo ndipo kidoti kilipokuwa kinakwenda kushoto na kusogeza kete ya kwanza kinayoikuta.

Kwa hiyo walimwachia kete kwa mapenzi, mashine ikazila, na springi mbovu ikamalizia kazi iliyobaki. Mwaka mzima ukoo wote wa Mwakatobe ulikuwa umefungwa na meza tupu.

"Niachie mpaka saa sita, baba," alisema. "Nitakuletea mwenyewe wodini."

Mzee alimshukuru kwa mikono miwili. Mlangoni aligeuka. "Ukiirekebisha hii, utaona atakavyotusumbua. Maana hapo anacheza na mguu mmoja umefungwa."

*

Daktari Ngonyani alikuwa anakula kiazi cha kuchemsha amesimama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka mpaka uchovu umekuwa ndiyo tabia yake.

"Ni mbovu?" aliuliza.

"Springi imekwisha. Inakwenda kushoto yenyewe."

"Basi ibadilishe, umrudishie. Kazi yako ndiyo hiyo."

"Daktari, nikiibadilisha, Gwakisa hatacheza tena. Nina uhakika hajawahi kucheza. Ni pedi iliyokuwa inacheza."

Daktari aliweka kiazi chini. Akatazama koridoni, ambako mfuko wa Bupe ulikuwa unasikika ukipandisha na kushusha, na ndugu mmoja anamwambia mwenzake, nipe mimi, umeshachoka wewe.

"Na usipoibadilisha?" alisema. "Wale vijana wana mikono mingapi? Mimi siwezi kumtoa mtu anayecheza, Tusekile. Siruhusiwi, na Mungu anisamehe, mara nyingine nashukuru kwamba siruhusiwi. Wewe ndiye unayejua nini kinacheza mle ndani. Mimi naona skrini tu."

"Kwa hiyo unanitupia mimi."

"Ndiyo," alisema daktari. "Nakutupia wewe. Sina pengine pa kuutupa mzigo huu."

Tusekile alirudi kwenye meza yake akiwa na hasira ya kutafuna mawe. Angeweza kumwambia mzee kwamba pedi ni nzima, mtoto wako ndiyo mchezo wake huo, anapenda kushoto, na mzee angeondoka anacheka. Hakuna ambaye angejua. Gwakisa angeendelea kupumua, mama yake angeendelea kuja na uji ambao hauliwi, shangazi zake wangeendelea kufungwa. Na Bupe angekufa siku mojawapo, kaka zake wote wawili wakiwa wamesinzia kwa pamoja. Na ukitazama kwa upande mwingine, alikuwa nani yeye, mtengeneza pedi wa Mwanjelwa, wa kwenda kumwambia mzee wa watu kwamba mwanawe alikufa zamani na wao wanacheza na chuma? Mbona yeye? Alilia kidogo, akajifuta na mkono wa koti.

Kisha akabadilisha springi. Ilikuwa kazi ndogo mno. Aliiweka pedi mezani, akaondoa mikono, na kidoti kikakaa katikati, kikatulia.

*

Wodi ile ungeiingia bila kujua, ungedhani ni kijiweni. Kila kitanda kilikuwa na skrini yake na ndugu wake, na watu walikuwa wanachekeshana, wanazomeana, wanasema amenila tena huyu, jamani ameniweza. Wagonjwa wenyewe walikuwa kimya katikati ya kelele hizo, vifua vinapandishwa na kushushwa na mashine.

Gwakisa Mwakatobe alikuwa kijana mrefu, mchomelea vyuma, na makovu ya cheche yalikuwa bado yanaonekana mikononi. Mzee Ambakisye alimpangusa kiganja kwanza, akamwekea pedi, akamkalisha gumba lake juu ya kijiti.

"Haya, bwana mkubwa," alimwambia. "Fundi amekufungulia njia ya kulia. Sasa hutakuwa na kisingizio."

Kitanda cha pili Mama Tulinagwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, aliinua kichwa kutoka kwenye mchezo wake na mumewe. "Mzee Msumeno, umerudi kufungwa?"

"Nimerudi. Leo atanitia aibu."

Alisogeza kete yake ya kwanza. Zamu ya Gwakisa ikafika. Kidoti kilikaa katikati ya ubao.

Wakangoja.

"Anaizoea," alisema mzee.

Zamu ikampita, maana mgonjwa akikawia sana mchezo huendelea. Mzee akasogeza nyingine, na hii akaiweka mdomoni mwa kete ya Gwakisa, waziwazi, kama alivyozoea. Kete ya Gwakisa ikaruka, ikala.

"Haya, umeona? Amekula."

"Baba," alisema Tusekile. "Hiyo imeliwa na mashine."

"Mashine gani?"

"Pakiwa na kete ya kula, mashine inamlia, ili asichoke. Yeye hakugusa. Naomba ucheze bila kumwachia. Cheza naye kweli, zamu chache tu."

Mzee alimtazama kama amemwambia ampige mgonjwa kofi. Lakini alikuwa mtu wa drafti, na kila mtu wa drafti akishaambiwa jambo la ubaoni, jicho lake linakwenda ubaoni kabla ya moyo. Alicheza kwa kujibana, kete nyuma ya kete, bila kuacha mwanya. Hakukuwa na cha kula. Zamu ya Gwakisa ikafika na kidoti kikakaa palepale. Ikampita. Ikafika tena. Ikampita.

"Anafikiria," alisema mzee. "Gwakisa anafikiria sana, tangu mdogo. Gwakisa, baba, sogeza hata moja. Kulia kule, hakuna kitu kinachokuzuia. Kulia, baba."

Kidoti hakikutikisika. Mzee aliliinamia lile gumba, akaliangalia kwa karibu, akalipulizia pumzi kidogo kama mtu anayeamsha makaa.

Tusekile akamwambia. Alimwambia yote, kwa sauti ya chini, springi na meza tupu na kete za kuachiwa, na kila neno alilolisema lilimchoma mwenyewe. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kumkatisha.

"Ungenyamaza," alisema hatimaye. "Kwa nini umeniambia? Nilikuletea dude la kutengeneza. Sikukuuliza habari za mwanangu."

"Nisamehe, baba."

"Ulishindwa nini kuniambia ni zima nikaondoka?"

Springi ya zamani ilikuwa mfukoni mwa Tusekile, aliichukua kwa woga, kwa sababu hakujua moyo wake utageukia wapi. Sasa aliitoa akamwonyesha kwenye kiganja, na hapo ndipo alipofanya kitu ambacho hakuwahi kujisamehe, maana alimtwisha mzee wa watu mzigo aliotupiwa yeye. "Naweza kuirudisha," alisema. "Sasa hivi, hapahapa. Itakwenda kushoto kama kawaida. Sitamwambia mtu. Ila pale koridoni kuna mwalimu mmoja anabonyezewa hewa kwa mkono, na macho yake yako wazi. Sema wewe, baba. Mimi nitafanya utakalosema."

Mzee Ambakisye aliitazama ile springi. Mama Tulinagwe alikuwa ameacha kucheza. Vitanda vya jirani navyo vilikuwa vimenyamaza.

"Unajua," alisema mzee, na sasa hakuwa anaongea na Tusekile hasa, "huyu mtoto alikuwa hapendi kuachiwa. Alikuwa na miaka kumi, nikamwachia kete moja kwa makusudi, nimfurahishe. Akapindua ubao. Vizibo vyote vikatawanyika uani. Akaniambia, baba usinidharau. Sikumwachia tena mpaka anakuwa mtu mzima, na hakuwahi kunifunga hata mara moja, na kila Jumapili alikuja." Aligeukia kitanda. "Mwaka mzima nimemsogezea kete hapa kama mtoto mchanga, na hakuna aliyepindua ubao. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Mimi kabla yako wewe."

Akavuta kiti karibu na kitanda. Akapangusa macho kwa kiganja, akakohoa, akaanzisha mchezo mpya.

Tusekile hakuelewa mwanzoni. Mzee alisogeza kete yake mdomoni mwa kete ya Gwakisa, mashine ikaila, na Tusekile akadhani amerudia yaleyale. Lakini safari hii ulikuwa mtego. Kete ya Gwakisa ilipokula iliacha tundu nyuma yake, na mzee akapita hapo akala mbili kwa mpigo. Akatega tena. Mashine ikala, maana kula ni lazima, na mzee akala mbili nyingine. Alikuwa anacheza kama walivyomwona wa stendi ya zamani, mkono hausiti, midomo imebanwa, machozi yanamtiririka hadi kidevuni na haangaiki nayo. Kidoti kilibaki katikati ya ubao kimesimama, na kete za Gwakisa zikaisha kukizunguka.

Kabla ya kula ile ya mwisho alisimama kidogo. Alimpa mwanawe zamu yake yote, mpaka ikampita yenyewe. Akaila.

"Nimekufunga," alimwambia. "Sikukuachia."

Akainuka, akamwambia Tusekile bila kumwangalia, "Mvulie wewe. Mimi mikono haitaki."

Tusekile alikitoa kile kidole juu ya kijiti. Kilikuwa na joto, na hilo ndilo lililomtesa siku nyingi baadaye, kwamba kilikuwa na joto zuri kabisa la mtu aliyelala. Alifungua kitambaa cha kitenge, akakikunja, akampa mzee. Daktari Ngonyani alikuwa amesimama mlangoni, hakuna ajuaye tangu saa ngapi. Nyuma yake kaka mmoja wa Bupe alikuwa anachungulia, mkono wake umevimba, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona aibu kwa kile anachokitamani.

Walimwacha mzee peke yake na Gwakisa nyuma ya pazia. Tusekile akageuka aondoke, pedi ile nzima mkononi, na ndipo alipomwona Mama Tulinagwe.

Alikuwa ameinamia kitanda cha mumewe. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimeifunika pedi iliyo mkononi mwa mume, vimeibana kabisa, hata kijiti hakionekani. Kwenye skrini yao mume alikuwa anaongoza, kete zake karibu zote zipo, zote zimejipanga upande wa kushoto.

"Fundi," alisema, na sauti ya sokoni ilikuwa haipo tena. "Yetu haina shida."

"Sawa, mama."

"Nakwambia haina shida. Usije ukaigusa."

Tusekile akasogea. Kitanda kilichofuata, kijana mmoja aliyekuwa anacheza na dada yake alivuta shuka akaufunika mkono wa dada, na pedi yake. Cha mbele yake bibi mmoja alifanya vivyo hivyo kwa upande wa kanga. Alitembea wodi nzima hadi mlangoni akitazama sakafu, na kila alipokaribia kitanda alisikia mchezo ukisimamishwa.